Forodhani kabla ya pweza na mishikaki: tukumbushane bandari iliyokuwa pale

MwanaMizingani (mleta uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kila baada ya siku chache kuna anayeuliza humu, "Nikifika Unguja, Forodhani kuna nini?" Majibu ni yale yale: pweza, mishikaki, mantabali, urojo, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Chakula kile ni riziki ya watu, na mimi nimekula pale tangu utotoni. Lakini roho inaniuma nikiona bustani nzima imebaki kuwa jiko tu midomoni mwa watu. Leo nimeamua nifungue uzi niseme niliyofunzwa na marehemu babu, na niliyokuja kuyasoma baadaye.

Babu alikuwa hamali bandarini Malindi, na baba yake alikuwa hamali hapo hapo Forodhani. Baada ya Alasiri alikuwa akinishika mkono tunakwenda kukaa juu ya ukuta wa bahari, yeye na kahawa yake, mimi na kashata yangu. Akinionesha majani na viti, ananiambia, "Hapa walikuwa wakishusha magunia. Bustani imekuja baadaye."

Tuanze na jina. Forodha ni pahala pa kutozea ushuru. Karne ya 19 karibu kila kilichoingia na kutoka kilipita ufukweni hapo: pembe za ndovu na sandarusi kutoka bara, karafuu za Unguja na Pemba, majora ya merikani yaliyoletwa na meli za Salem kule Marekani. Na walipita binadamu. Watumwa walishushwa wakatozewa ushuru kwa kichwa, kama mzigo. Nalitaja hili mapema kwa sababu sitaki mtu aisome historia ya pahala hapa kwa harufu ya karafuu peke yake. Sultani mwenyewe hakukusanya ushuru ule, aliikodisha forodha kwa matajiri wa Kihindi, akina Jairam Shivji na baadaye Tharia Topan. Hao walimlipa kiasi kilichokubaliwa, kisha wakatoza wao. Fedha yote ya kisiwa ilikuwa ikipita kwenye kipande kile cha mchanga.

Ndiyo maana manowari hazikuwa mbali. Sultani Seyyid Said alikuwa mtu wa bahari. Merikebu yake Sultana ilitia nanga New York mwaka 1840 ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Nyingine, Liverpool, iliyojengwa Bombay na kupewa nafasi za mizinga 74, alimtunuku Mfalme William IV wa Uingereza mwaka 1836, nao wakaibadilisha jina wakaiita Imaum. Mwanawe Barghash, aliyetawala baadaye, alikuwa na bahati mbaya baharini: kimbunga cha Aprili 1872 kilizivunja merikebu zake na kuing'oa mikarafuu ya Unguja. Akaagiza Uingereza merikebu mpya iliyoitwa Glasgow, na hiyo nitairudia maana kisa chake kinaishia hapo hapo mbele ya bustani.

Mwaka 1873 Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, huku akitishiwa kuzingirwa na manowari za Kiingereza. Mwaka uliofuata Waingereza wakaileta HMS London, meli kuukuu ya vita, wakaitia nanga nje ya mji iwe kituo cha mashua zao za kusaka majahazi ya watumwa. Nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba mwishoni mwa 1881 alipokuwa akilikagua jahazi. Ofisa mwingine wa meli hiyo, Lloyd Mathews, alichukuliwa na Sultani kumfundishia askari, akapanda mpaka akawa waziri wa kwanza wa serikali.

Halafu bandari ikahama. Mwishoni mwa miaka ya 1920 gati jipya lilikamilika Malindi, shughuli za forodha zikaondoka, na mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) pakabaki uwazi. Mwaka 1936 pakatengenezwa bustani kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, ikaitwa Jubilee Gardens. Mapinduzi ya 1964 yakaja, jina hilo likaondoka. Babu hakuwahi kulitamka, hata pale lilipokuwa kwenye kibao. Watu walisema Forodhani kabla ya bustani, wakasema Forodhani wakati wa Jubilee, na mpaka leo ni Forodhani. Jina la kazi ya mahamali na makarani lilibaki, la sherehe likapotea. Mimi hilo linanipa furaha kila nikilifikiria.

Mwenye kumbukumbu, picha ya maneno ya wazee, au masahihisho, karibu.


KijanaWaMakunduchi

Nimeweka mkeka. Endelea, mkuu. Ile habari ya forodha kukodishwa sikuwahi kuisikia skuli.


BintiShangani

Ahsante sana kaka kwa uzi huu.

Mimi nataka niseme ya upande wetu kina mama. Kwetu nyumba ni ndogo, ghorofani, madirisha yanatazamana na ya jirani. Forodhani ndiyo ilikuwa ua wetu. Sikukuu tulikuwa tunavishwa magauni mapya, tunapewa pesa ya sikukuu, tunaongozana mpaka pale. Miaka ya kabla ya 2008 ilikuwa imechakaa kweli: giza, maji yanatuama mvua ikinyesha, ukuta wa bahari umekatika. Mama akitukataza kusogea ukingoni. Ilipofungwa kwa matengenezo ya Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni tulilalamika, tukidhani haitarudi kuwa yetu. Ikafunguliwa tena Julai 2009, ukuta umejengwa upya, mifereji, taa, miti, pahala pa watoto kuchezea. Mama yangu alikaa kwenye kiti cha jiwe akakipapasa kwa mkono, akasema, "Alhamdulillah, tunapo pa kukaa."

Sasa linaloniudhi. Mwaka jana nilikuwa nimekaa na mama huyo huyo, magoti yake hayana nguvu tena, akaja kijana anayewakaribisha wateja wa meza moja akatuambia kama hatuagizi chakula tuwapishe wageni. Mama aliinuka bila neno. Mimi nilitetemeka kwa hasira. Kiti kile si cha meza ya mtu, ni cha bustani ya umma. Sitaji mtu wala meza, maana wauzaji wengi pale ni waungwana na wengine ni jamaa zangu. Lakini lazima tuseme: anayetaka kukaa bila kununua ana haki ya kukaa.


Mvita001

Salamu kutoka Mombasa.

Mleta uzi umegusa manowari, basi niongeze moja ambayo kipande chake kiko kwetu. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka mafichoni delta ya Rufiji ikaikuta HMS Pegasus ya Waingereza imetia nanga bandarini Unguja, mitambo yake imefunguliwa kwa matengenezo. Ikaipiga kwa mizinga kutoka mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikuweza kufika. Wakafa mabaharia 38. Meli ikazama siku hiyo hiyo.

Königsberg ikarudi Rufiji, ikazingirwa huko, na Julai 1915 ikaangamizwa. Wajerumani waliing'oa mizinga yake, wakaiburura nchi kavu na kuitumia vitani Tanganyika. Ukija Ngome ya Yesu hapa Mombasa utakuta mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus, vyote viwili ua mmoja. Nikiwa mdogo tulikuwa tunavipanda tukicheza. Hakuna aliyetuambia kwamba hivyo vyuma vilikuwa maadui.


MwanaMizingani (mleta uzi)

@Mvita001 shukrani nyingi. Niongeze tu kwamba waliokufa kwenye Pegasus walizikwa Chapwani, kile kisiwa kidogo unachokiona ukisimama Forodhani ukatazama kaskazini, jirani na Changuu. Wazungu wanakiita kisiwa cha makaburi. Mabaharia wa HMS London nao wapo huko. Kwa hiyo ukikaa ukutani jioni unaangalia makaburi bila kujua.

@BintiShangani, mpe mama salamu zangu na umwambie tunamtaka pale pale alipokuwa amekaa. Nitasema zaidi baadaye.


Msomaji_Temeke

Wakuu, mbona hamjataja vita ya 1896? Ile ndiyo vita fupi kuliko zote duniani, dakika 38. Nadhani ingewekwa bango kubwa pale bustanini, watalii wangejaa kupiga picha. Ni fahari ya kisiwa, rekodi ya dunia ile.


MwanaMizingani (mleta uzi)

@Msomaji_Temeke, najua umesema kwa nia njema, na wengi wanalisema hivyo hivyo. Niruhusu nilikatae, kwa heshima.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Binamu yake Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Wakamwambia atoke. Hakutoka. Manowari tano zikajipanga mbele ya mji: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow, chini ya Admirali Rawson. Akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu ikapita dakika chache, mizinga ikaanza.

Sasa jiweke pale bustanini, uipe bahari mgongo. Mbele yako, kushoto kwa Beit al-Ajaib, palikuwa na Beit al-Hukm. Ilibomolewa, haikujengwa tena. Kasri la Beit al-Sahel lilipigwa vibaya, na hilo unaloliona leo kama makumbusho ni la baada ya hapo. Mbele ya Beit al-Ajaib ulisimama mnara wa taa wa kuongozea meli, nao ukapigwa, ndiyo maana baadaye jumba lenyewe likaongezewa mnara wa saa kwa mbele. Ndani ya majengo yale walikuwamo askari, watumishi, watumwa, na raia waliokuja kumuunga mkono Khalid. Waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja.

Glasgow, ile merikebu ya Barghash niliyowaahidi, ilijibu mizinga. Ikazamishwa hapo hapo mbele ya ufukwe, maji yake si mengi, kwa hiyo ilikaa chini huku milingoti yake mitatu imesimama juu ya maji. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Kiingereza kuonesha wamesalimu amri, na wakaokolewa na mashua za wale wale waliowazamisha. Milingoti ile ilibaki pale mpaka 1912 ilipovunjwavunjwa. Miaka kumi na sita! Baba yake babu alipokuwa akishusha magunia kijana mdogo, aliiona kila siku. Babu aliniambia baba yake hakupenda kuitazama, akipita na gunia huinamisha kichwa.

Dakika 38 ni kama nusu tu ya muda uliopo baina ya Maghrib na Isha. Watu 500 katika muda huo. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Kijerumani, akavushwa kwenda Dar es Salaam, Waingereza wakaja kumkamata kwenye vita vya kwanza vya dunia, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena, akafariki Mombasa 1927. Basi, ndugu yangu, siwezi kuiita fahari wala rekodi. Ikiwekwa alama pale, iwe ya kuwarehemu waliokufa, kwa Kiswahili, isomwe na mtoto wa skuli.


Msomaji_Temeke

Nimekuelewa, mkuu. Nilikuwa nimeshika namba tu, sikuwafikiria watu. Nisamehe.


MwanaMizingani (mleta uzi)

Hakuna la kusamehewa. Sote tumefundishwa hivyo.


MrukaWaUkutani

Mimi ni mtu wa makachu. Nimesoma uzi wote nikiwa hapa hapa Forodhani.

Watu wanatuona wahuni, vijana wasio na kazi wanaoruka baharini ili watalii watoe simu. Sikilizeni. Makachu tulianza kwa kuogelea tu, mtoto wa mji hana bwawa, bwawa lake ni hapa. Kuna mpangilio: unasoma maji kwanza. Maji yakiwa yamekupwa huruki, utavunja shingo. Yakijaa, jioni, ndipo tunapanga mstari, mmoja anakimbia toka mbali, mwingine anamfuata, kila mtu na mruko wake. Wadogo hawaachiwi waruke na wakubwa kabla hawajajua kutoka pembeni. Nimewahi kumtoa mtoto aliyegonga mguu nikambeba mpaka barabarani.

Nilikuwa sijui kwamba hapo mbele tunaporukia ndipo palikuwa na merikebu imekaa chini miaka kumi na sita. Wallahi mwili umenisisimka. Leo nimewasimulia wenzangu, tukakaa kimya ukutani kidogo kabla ya kuruka.


Muscat_Kwetu

Assalaam alaykum kutoka Muscat.

Nimemsomea bibi yangu uzi huu, macho yake hayaoni simu vizuri. Ana miaka zaidi ya themanini, aliondoka Unguja msichana. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anakumbuka bendi ikipiga kwenye kile kibanda cha katikati, watu wa kila kabila wamekaa, watoto wakikimbizana. Anakumbuka pia lango lililojengwa ufukweni mwaka 1956 kwa ajili ya ujio wa Princess Margaret, mji mzima ukipakwa chokaa.

Nikamuuliza mlikuwa mnapaitaje, akanijibu, "Forodhani. Kwani paitwe nani?"

Kisha akalia kidogo. Hakuniambia sababu na mimi sikumuuliza.


KijanaWaMakunduchi

Bibi apewe afya. 

Nina swali: ni kweli kulikuwa na treni pale? Na ni kweli Bububu imepata jina lake kwa mlio wa treni, "bu-bu-bu"?


MwanaMizingani (mleta uzi)

Treni ni kweli. Kampuni ya Kimarekani ilijenga reli nyembamba kutoka karibu na Ngome mpaka Bububu, ikaanza kazi 1905. Abiria wa meli waliokuwa wakishuka Forodhani walikuwa wakiipanda kwenda kutazama mashamba. Ilipita ndani ya mji, karibu na nyumba kiasi kwamba watu walilalamikia cheche na moshi. Magari yalipozidi na bandari ilipohama, mwishoni mwa miaka ya 1920 reli nayo ikafa. Ngome yenyewe, aliyoijenga Mwomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kumtoa Mreno, ilitumiwa kuwekea vifaa vya ujenzi wa reli hiyo. Kabla ya hapo ilikuwa jela. Wapo wanaosema neno letu gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa, kwa sababu Wareno walikuwa na kanisa pahala pale.

Jina la Bububu ni la zamani kuliko treni. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alilitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886, karibu miaka ishirini kabla ya reli. Alikuwa na shamba huko. Wazee wengine wanasema ni sauti ya maji ya chemchemi, na mimi hilo naliona lina mantiki zaidi.

Na Salme mwenyewe ana sehemu yake kwenye maji haya. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza, HMS Highflyer, iliyompeleka Aden. Nikikaa pale usiku nikaona taa za meli nje, humfikiria yeye kuliko masultani wote. Msichana wa miaka ishirini na kitu, anapanda mashua gizani, anauacha mji wa baba yake.


BintiShangani

Umenitoa machozi na hiyo ya Salme.

Leo nilimpeleka mama. Tumekaa upande unaotazama Beit al-Ajaib. Tangu sehemu kubwa ya mbele ilipoporomoka Desemba 2020, siku mafundi wawili walipofariki ndani, mama alikuwa hataki kugeuza uso upande ule. Nilimsomea maneno ya mleta uzi kuhusu mnara wa taa na mnara wa saa. Akasema, "Kwa hiyo lilishapigwa likasimama tena." Akaligeukia akaliangalia kwa muda mrefu.

Hakuna aliyetuambia tuinuke. Muuzaji wa miwa alituletea gilasi mbili, akakataa pesa ya mama.


MvuviWaKizimkazi

Mleta uzi, nakuja mjini Jumamosi na watoto watatu. Mkubwa yuko darasa la sita. Nianzie wapi?


MwanaMizingani (mleta uzi)

Karibu sana. Njoo baada ya Alasiri, kabla wauzaji hawajawasha majiko, moshi haujapanda na watu ni wachache. Waweke watoto ukutani, waipe bahari mgongo kwanza: Ngome kulia kwao, Beit al-Ajaib mbele, Beit al-Sahel kushoto. Waambie palipokuwa Beit al-Hukm. Kisha wageuze, uwaoneshe Changuu na Chapwani, uwaambie nani kalala kule. Waoneshe maji ya mbele tu hapo, ilipokaa Glasgow. Mkubwa mwambie na habari ya ushuru wa vichwa vya watu, amefika umri wa kuijua.

Maji yakiwa yamejaa, @MrukaWaUkutani na wenzake watakuwa wanaruka. Wadogo watapenda.

Nitakuwa nimekaa karibu na kile kibanda cha katikati, kofia nyeupe, na kashata za kutosha watoto watatu.